Kitambaa Alichokifua Toyoko

Kwenye kisiwa cha Tatara, mtu akitaka kujua kama mvua itanyesha hahangaiki kutazama mbingu. Anachungulia kamba ya Toyoko. Ikiwa imejaa nguo, kutwa ni jua. Ikiwa tupu, chukua mwavuli. Kwa miaka thelathini na moja Toyoko alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo karibu na gati, na alipostaafu hakujua aifanyie nini mikono yake. Akawa anafua chochote kilichokaa mbele yake: mapazia, foronya, kofia za watoto wa jirani, hata glavu za kazi za mumewe. Hana desturi ya kukumbatia watu, wala hana ulimi wa maneno matamu. Akikupenda, atakufulia.

Mumewe, Genzo, anatengeneza tofu. Pia ni mtu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, na kazi yake humo ni moja tu. Helikopta ya hospitali ikija kuchukua mgonjwa, hutua kwenye uwanja wa shule, na uwanja ule ni mchanga mtupu. Usipomwagiwa maji kabla, vumbi linapanda hadi rubani haoni ardhi. Basi ikipigwa simu tu, Genzo huacha maharage yake jikoni, akavaa helmeti na kukimbilia mpira wa maji. Amefanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kuuvuka mstari wa chokaa anaouchora kuzunguka uwanja bila kuambulia matusi.

"Sisi ni watu wa maji," hupenda kuwaambia wateja. "Mimi namwagia mchanga, huyu mwenzangu anamwagia vilivyobaki vyote. Nikikaa kitako hapa nusu saa, naanikwa."

"Nikuanike wewe na tumbo hilo?" Toyoko humjibu bila kugeuka. "Kamba yangu bado naihitaji."

Binti yao ni mmoja, Mizuho. Alipokuwa na miaka minne alikuwa na taulo bovu ambalo hakukubali kutengana nalo, jeusi kwa uchafu, ncha moja imetafunwa ikaisha. Siku moja mtoto amelala, Toyoko alilichukua akalichemsha, akalianika, akalikunja vizuri na kuliweka kando ya mto. Mizuho alipoamka alilinusa, akalitupa, akalia siku mbili. "Hili si langu," alikuwa akisema. "Langu liko wapi?" Toyoko alimwonyesha ile ncha iliyotafunwa, akamwonyesha alama ya bluu, lakini mtoto hakuambilika. Jambo lile Toyoko hakulielewa kamwe. Taulo lilikuwa lilelile, tena safi.

Miaka ikaenda. Mizuho akaolewa na Kazuma, mkaguzi wa madaraja, kijana mpole ambaye kazi yake humweka Nagasaki Jumatatu hadi Ijumaa. Mwaka jana akapata mimba. Tatara hakuzaliwi watoto siku hizi. Zahanati ina daktari mmoja, na mkunga mmoja aliyekwisha kustaafu mara mbili, Bi Tokie. Kila mwenye mimba huvuka kwenda mjini wiki saba kabla ya siku zake, akakaa huko kungojea. Mizuho alikuwa ameshakata tiketi ya feri ya Jumanne. Uchungu ukamshika Jumatano iliyotangulia, alfajiri, wiki nane kabla ya wakati.

Mtoto alitoka saa kumi na mbili na robo, wa kiume, kilo moja na nusu. Alilia mara moja, sauti nyembamba, kisha akaanza kupumua kwa shida, mbavu zikizama kila akivuta hewa. Bi Tokie alimpangusa, akamfunga, akamshikia mpira wa hewa puani, huku daktari akipiga simu. Toyoko alisimama mlangoni ameshika beseni. Aliona mguu mmoja, mdogo kama kidole chake gumba.

"Helikopta inakuja," daktari alisema. "Wanakuja na daktari wa watoto njiti na vifaa vyote. Mama Mizuho, nenda nyumbani ulete nguo za mgonjwa. Hapa huna la kusaidia."

Genzo alikuwa ameshafika uwanjani. Waliotoka kwenda kazini walimkuta anamwagia mchanga taratibu, kona hadi kona, kama anayemwogesha mtu. Siku hiyo hakumtukana mtu yeyote.

Saa tatu kasoro helikopta ikatua. Wakashuka daktari kijana na muuguzi wa makamo, Sista Kuroki, mwanamke mfupi mwenye nywele zilizokatwa kiume, wakisukuma sanduku la kioo lenye joto ndani yake. Kazi yao haikuwa kumnyakua mtoto na kuondoka, kama watu wengi wanavyodhani. Mtoto wa namna ile ukimrusha angani kabla hajatulia, atafia njiani. Walikaa naye zahanati zaidi ya saa mbili. Wakampitishia mpira mwembamba kooni, wakamtia dawa ya kufungua mapafu, wakamtafutia mshipa kwenye mkono ambao hata kuuona ni kazi. Daktari kijana alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, na Sista Kuroki anamwitikia.

Mizuho alikuwa chumba cha pili. Alikuwa amepoteza damu nyingi, na daktari wa zahanati alimkataza hata kukaa. Sista Kuroki alimwendea, akapiga magoti kando ya kitanda ili macho yao yalingane.

"Mama, sanduku la mtoto linajaza helikopta yote. Na wewe kwa hali hii huwezi kuruka leo. Nitampeleka mimi."

"Atakuwa peke yake," Mizuho alisema.

"Hatakuwa peke yake. Lakini mimi hanijui." Akatoa kitambaa cha shashi, cheupe, ukubwa wa leso. "Weka hiki kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka tutakapoondoka. Kitashika harufu yako. Macho ya mtoto bado hayaoni kitu cha maana, ila pua yake inakujua tangu tumboni. Nitakilaza karibu na uso wake."

Mizuho alikibana kifuani kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, na jasho, na matone mawili matatu ya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, na vyote viliingia kwenye kitambaa kile. Halafu uchovu ukamzidi, usingizi ukamchukua.

Wakati maneno hayo yanasemwa, Toyoko alikuwa nyumbani anatafuta nguo za kulalia. Aliporudi alimkuta binti yake amelala, na kitambaa kimeteleza hadi ukingoni mwa kitanda. Kilikuwa na doa la njano, na doa la jasho, na pembeni nukta ya damu.

"Hiki ni cha nani?" alimnong'oneza Bi Tokie, aliyekuwa anapita na chupa ya dripu.

"Cha mtoto. Kinaondoka naye," Bi Tokie alisema, na hakusimama. Naye alikuwa na haraka zake, tusimlaumu.

Toyoko alikitazama. Mjukuu wake, damu yake, anakwenda hospitali kubwa ya mjini, mbele ya madaktari, na kitambaa kama hiki? Watasema anatoka kwa watu gani? Tangu alfajiri alikuwa amesimama na beseni bila kazi, kila mtu anampita, kila mtu anajua la kufanya isipokuwa yeye. Sasa Mungu amemletea jambo analoliweza. Alikikunja kiganjani, akatoka mbiombio.

Alikifua kwa sabuni ya mche, ile ya watoto wachanga isiyo na manukato. Doa la damu alilitoa kwa maji baridi, maana maji ya moto huligandisha. Hilo hata wafuaji wengi hawalijui. Alikisuuza maji matatu. Akakikamua ndani ya taulo kavu, akakipiga pasi mpaka kikakauka kabisa, akakikunja mraba pembe kwa pembe na kukifunga ndani ya kitambaa cha zambarau kinachofungiwa zawadi za harusi. Ndipo akajikuta analia, na hakujua ameanza saa ngapi.

Uwanjani sanduku la kioo lilikuwa tayari linasukumwa kuelekea helikopta. Toyoko alisimama nyuma ya mstari wa mumewe, akainama, akanyoosha furushi kwa mikono miwili.

"Sista, kitambaa cha mtoto. Tusamehe kwa usumbufu."

Sista Kuroki alilifungua palepale. Alikiinua kitambaa puani, kama afanyavyo siku zote. Alimtazama yule mama mwenye macho mekundu na mikono iliyochubuka kwa sabuni, akakitazama kitambaa kilivyokunjwa.

"Kimekunjwa vizuri sana, Mama," alisema, akainama zaidi kuliko alivyoinamiwa. "Nitamlaza juu yake."

Akafungua kidirisha cha sanduku, akakitandika chini ya kichwa cha mtoto. Kwenye mguu wa mtoto palikuwa na utepe: *Mtoto wa Mizuho*. Jina hutolewa siku ya saba, na hii ilikuwa saa ya tano tu ya maisha yake.

Helikopta iliondoka bila vumbi hata punje. Genzo alivua helmeti akabaki nayo mkononi mpaka mlio ulipopotea, halafu akasema, kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu, "Nimelowesha vizuri leo."

Mizuho alikuwa ameamka. Mikono yake ilikuwa inapapasa shuka.

"Mama, kitambaa kimeenda?"

"Kimeenda. Usiwe na wasiwasi, nimekifua kwanza. Kilikuwa na madoa, lakini nimeyatoa yote."

Mizuho aliuliza polepole, "Umekifua?"

"Na pasi nimepiga."

"Mama. Kilikuwa na harufu yangu. Ndicho kitu pekee nilichompa."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aligeuka akautazama ukuta, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka minne. "Ni kama taulo langu."

Hapo ndipo Toyoko alipolielewa lile taulo, baada ya miaka thelathini. Lilimshukia lote kwa mkupuo, pale pale alipo. Mtoto ameondoka bila jina na bila mama yake, na aliyemwondolea mama yake ni yeye, kwa mikono yake hii, kwa maji matatu.

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za zahanati. Genzo alimkuta hapo, akasikiliza, akasugua kidevu.

"Sasa?"

"Sasa nini? Nimemfuta mama wa mtoto, Genzo. Unaniuliza sasa?"

"Nakuuliza sasa, ndiyo. Kingekuwa kitanda cha mgeni umekitandika vibaya ungekaa hapa kwenye ngazi?"

Toyoko alimtazama kwa hasira. Kisha akasimama na kurudi ndani.

Bi Tokie alikuwa anajaribu kumkamua Mizuho maziwa. Daktari wa watoto alikuwa amesisitiza: maziwa ya mama, hata tone, ndiyo dawa ya mtoto njiti. Lakini baada ya yale matone ya asubuhi, hapakutoka kitu. Walikanda kwa taulo la moto, wakajaribu pampu, wapi. "Mwili hauna habari kwamba una mtoto," Bi Tokie alisema kwa upole. "Haumwoni, haumsikii, haumnusi. Umtolee nani maziwa?"

"Nipe kitambaa kingine," Toyoko alisema. "Feri ni saa nane. Nakipeleka mwenyewe."

Mizuho aligeuza kichwa kutoka ukutani. Hakusema amesamehe, lakini alinyoosha mkono, akapokea kitambaa kipya na kukiingiza kifuani. Alikaa nacho mpaka saa saba na nusu. Kilipotoka kilikuwa na jasho na kimekunjamana vibaya. Toyoko alikichukua kwa ncha za vidole, akakitumbukiza kwenye mfuko wa plastiki wa mchele, akaufunga fundo. Hakukinyoosha, ingawa vidole vilimwasha.

Saa tatu za feri alikaa wima, mfuko mapajani. Mtu wa kukata tiketi, aliyemjua tangu utoto, alimtania, "Mama Toyoko, leo umebeba kitu hujakifua?" Toyoko akaubana mfuko zaidi.

Kazuma alimpokea mjini, macho yamemvimba. Walioruhusiwa kuingia wodi ile ya watoto njiti walikuwa wazazi tu. Bibi alitazama kupitia kioo. Palikuwa na masanduku kumi na mawili, na la mjukuu wake lilikuwa la tatu. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, mashine ikimsaidia. Namba za mapigo ya moyo zilikuwa zinaruka juu, zinashuka, zinaruka tena.

Sista Kuroki alitoka nje akiwa bado na nguo za kurukia. Toyoko aliinama mpaka paji la uso likakaribia magoti.

"Sista, nilikifua. Sikujua. Nisamehe."

"Nilijua kwa sabuni."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikiona ulivyokikunja." Akatabasamu kidogo. "Mama yangu mimi alifua barua ya baba ya posa, ilikuwa mfukoni. Lete ulichonacho."

Toyoko akampa mfuko wa mchele. Sista Kuroki aliufungua, akanusa, akatikisa kichwa kukubali. Kupitia kioo Toyoko alimwona ananawa mikono hadi viwiko, vizuri, kama inavyotakiwa, halafu anafungua kidirisha na kuweka kile kitambaa kilichokunjamana karibu na pua ya mtoto. Mtoto hakufanya kitu. Kazuma alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Kisha yule mtoto akakunja uso, kidogo sana, akageuza kichwa kuelekea kitambaani, na akakaa hapo. Baada ya dakika chache namba zikaacha kuruka.

Toyoko alijikaza kisabuni mpaka Sista Kuroki alipotoka tena. Mkononi alikuwa na mfuko mwingine, umefungwa barabara. Ndani yake kilikuwamo kitambaa cha kwanza.

"Hiki ulipokileta kilikuwa safi mno, hakina mwenyewe," alisema. "Basi mtoto amekilalia kutwa. Sasa kina mwenyewe. Mpelekee mama yake."

Toyoko alifungua fundo kidogo tu akaingiza pua. Kulikuwa na dawa, na plastiki, na chini ya hayo yote kulikuwa na harufu tamu, ya joto, ambayo hakuwa ameinusa tangu Mizuho alipokuwa mikononi mwake. Alilia mbele ya watu bila kujificha.

"Na Mama," Sista Kuroki alimwita alipokuwa ameshaanza kuondoka. "Tafadhali."

"Sikifui," Toyoko alisema. "Hata ukinilipa."

Alirudi na feri ya kwanza ya asubuhi. Mizuho alikuwa ameegemea mito, Bi Tokie ameshika pampu na chupa ndogo, wote wawili wamechoka na chupa bado tupu. Toyoko hakusalimu. Alifungua mfuko, akamwekea binti yake kitambaa mikononi.

"Amekilalia kutwa nzima," alisema. "Alikigeukia kile chako. Nimemwona kwa macho yangu."

Mizuho alikiinua usoni. Akavuta hewa mara moja, mara ya pili, halafu akajifunika nacho uso wote, mabega yakamtikisika. Palepale, mbele ya macho ya mama yake, madoa mawili ya maji yakatokea kwenye nguo yake ya kulalia, yakapanuka, yakaungana.

Mkono wa Toyoko ulikwenda wenyewe kwenye vifungo, kuvua ile nguo ikafuliwe. Mizuho alimtazama juu ya kitambaa. Toyoko akaurudisha mkono, akachukua chupa kwa Bi Tokie, akaikinga chini ya titi. Tone likaanguka. Likafuata jingine.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Feri ni saa nane. Nitaiwahi."

Aliiwahi siku hiyo, na ya pili yake, na mwisho wa yote alivuka mara kumi na tisa, maziwa upande mmoja na vitambaa upande wa pili, mpaka Mizuho alipopata nguvu ya kwenda kukaa na mtoto wake mwenyewe. Siku ya saba mtoto alipewa jina, Riku, na Genzo aliliandika kwa brashi mara kumi na moja kabla hajaridhika. Mtoto alirudi nyumbani kwa feri, si kwa helikopta, ana kilo mbili na nusu, na babu yake alikuwa amelimwagia maji gati lote, ingawa ni la saruji.

Sasa Riku anatembea. Kitambaa kile cha kwanza hakimtoki mkononi. Anakiburuta kutoka jikoni hadi barabarani, kimekuwa rangi ya chai, na ncha moja ameshaitafuna ikaisha. Juzi kilibaki sakafuni mbele ya mashine ya kufulia, mwenyewe amelala. Genzo alikuwa anapita na ndoo ya maharage.

"Mama Mizuho, kitu hicho kinanuka mpaka kwa jirani. Na jua lote hili! Hukioni?"

Toyoko alikuwa amekishika tayari. Alikipeleka chumbani, akamwekea mtoto kando ya pua, akatoka.

"Kina mwenyewe," alisema.